Semikonda, seli za sola au betri? Ulinganisho kwa anayetaka kufanya utafiti wa maada

Aliyemaliza shahada ya kwanza ya fizikia, kemia au uhandisi na kuanza kuitazama sayansi ya maada hukuta milango mitatu inayovuta kuliko mingine: semikonda (maada za chipu, zinazopitisha umeme kwa kiasi tu), seli za sola na betri. Kwa mbali yote inafanana. Kote kuna elektroni, kote hutumika eksirei na hadubini za elektroni, na si ajabu kumkuta profesa mmoja ana wanafunzi katika fani zote tatu. Kwa hiyo wengi hufuata upepo. Mwaka huu betri ndizo zinazozungumzwa, basi na waende kwenye betri.

Nashauri kigezo kingine. Utafiti wa maada, sehemu yake kubwa, ni kuifuatilia kasoro: kujua imetoka wapi, inaharibu nini, na itazuiwaje. Kila moja ya fani hizi ina kasoro ya aina yake, na mwanafunzi wa uzamivu ataishi nayo miaka minne au mitano, siku nyingi akiiona yeye peke yake. Ulinganisho huu basi unaangalia kwanza kasoro, halafu muda, vifaa na namba. Mambo mengine nitayapitia kwa haraka.

Silikoni ile ile, madai matatu

Njia fupi ya kuona tofauti ni kuifuata silikoni, maana imo katika fani zote tatu na kila fani inaidai kitu chake.

Kwenye chipu inadaiwa usafi. Sentimita moja ya ujazo ya silikoni ina atomu zipatazo 5×10²². Ukiingiza humo atomu 10¹⁶ za boroni, yaani moja kwa kila atomu milioni tano za silikoni, uwezo wake wa kupitisha umeme hupanda zaidi ya mara laki moja. Uzuri wote wa semikonda umo hapo, na hatari yake yote pia. Ikiwa boroni kidogo hivyo, uliyoiweka kwa makusudi, inageuza tabia ya fuwele nzima, basi chuma au shaba kidogo iliyojipenyeza bila kuitwa inaweza kuharibu kazi ya miezi.

Kwenye paneli ya sola, silikoni inasamehewa uchafu kiasi. Inachodaiwa ni uhai wa elektroni. Mwanga unapoipiga fuwele, elektroni hutoka mahali pake na kuacha nafasi tupu inayoitwa shimo. Elektroni hiyo inatakiwa ifike kwenye waya kabla haijakutana na shimo na kupotea. Silikoni hunyonya mwanga polepole, kwa hiyo seli hukatwa kwa unene wa mikromita 150 hivi, na elektroni ina safari ndefu. Kila kasoro iliyo njiani ni mtego.

Kwenye betri, usafi wa namna hiyo hauna uzito mkubwa. Silikoni inadaiwa uvumilivu. Gramu moja ya grafiti, anodi (upande hasi wa betri) iliyozoeleka, hubeba chaji ya miliampia-saa 372. Gramu moja ya silikoni hubeba takriban 3,600. Namba hiyo inatia tamaa. Lakini silikoni ikishiba lithiamu huvimba hadi karibu mara nne ya ujazo wake, na ikiitoa husinyaa. Baada ya mizunguko michache chembe zinapasuka, zinaachana na waya, na betri inaishiwa nguvu. Ndiyo maana mara nyingi watengenezaji huchanganya silikoni kidogo tu ndani ya grafiti badala ya kuitumia peke yake.

Elementi ni ile ile, lakini mtafiti wa kwanza anahesabu atomu za kigeni, wa pili anapima sehemu za sekunde ambazo elektroni inaishi, na wa tatu anatazama nyufa. Jiulize ni kazi gani kati ya hizo tatu ungeifanya kwa hamu hata siku ambayo majibu hayaji.

Semikonda: atomu isiyo mahali pake

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa taa ya LED ya bluu. Naitraidi ya galiamu, yenye pengo la nishati (nishati inayohitajika kuing'oa elektroni ili itembee) la elektroni-volti 3.4, ilijulikana mapema kuwa inafaa kwa mwanga wa bluu. Ili taa iwake zinahitajika pande mbili: upande wenye elektroni za ziada na upande wenye mashimo ya ziada. Upande wa pili ulikuwa kikwazo cha miaka mingi. Watafiti walitia magnesiamu, atomu iliyotakiwa kuleta mashimo, na mashimo hayakuonekana.

Mwaka 1989 Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, katika Chuo Kikuu cha Nagoya, waligundua kuwa sampuli yenye magnesiamu ikipigwa miale ya elektroni huanza kufanya kazi. Shuji Nakamura, akiwa kampuni ya Nichia, alionyesha mwaka 1992 kwamba hata kuipasha joto katika naitrojeni kunatosha, na kikundi chake kikaeleza sababu: hidrojeni iliyoingia wakati wa kukuza fuwele ilikuwa imejishika kwenye magnesiamu na kuizima. Ukiifukuza hidrojeni, magnesiamu inafanya kazi yake. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014.

Simulizi hilo linaonyesha ladha halisi ya fani. Adui alikuwa atomu nyepesi kuliko zote, haonekani kwa hadubini, na alipatikana kwa kufikiri kwa makini juu ya kile ambacho mchakato mzima ulikuwa umeacha ndani ya fuwele. La kushangaza zaidi, naitraidi ya galiamu ya taa hizo ilikuwa na mistari ya kasoro mamia ya milioni hata bilioni kwa kila sentimita ya mraba, wingi ambao ungezima kabisa semikonda nyingine za kutoa mwanga, na bado iliwaka. Anayeingia huku asitarajie kwamba kasoro zote zina uzito mmoja. Ujuzi wenyewe ni kujua ipi inaua na ipi inapita bila madhara.

Atakayefaa hapa ni mtu anayeipenda fizikia ya kwanta na asiyechoka na nidhamu. Akikosa subira ya kusafisha kipande kimoja mara kadhaa kwa utaratibu ule ule, fani hii itamchosha mapema.

Seli za sola: elektroni inayofia mpakani

Seli ya silikoni ya kwanza yenye manufaa ilionyeshwa katika maabara ya Bell Labs, Marekani, mwaka 1954 na Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, ikiwa na ufanisi wa asilimia 6 hivi, yaani sehemu hiyo ya nishati ya mwanga iligeuka umeme. Mwaka 1961 William Shockley na Hans Queisser walikokotoa kikomo: kwa hesabu za sasa, seli ya semikonda moja, chini ya jua la kawaida, haiwezi kupita takriban asilimia 33. Leo seli bora za silikoni za maabara zimepita asilimia 26. Nafasi iliyobaki ni ndogo, na wanaoitafuta wanafanya kazi zaidi kwenye nyuso na mipaka, pale silikoni inapokutana na metali au na utando mwingine, kwa sababu ndani ya fuwele nzuri elektroni hazipotei sana. Zinapotea mpakani.

Kwa mwanafunzi mpya, mvuto mkubwa uko kwenye perovskaiti, kundi la fuwele zenye mpangilio mmoja wa atomu. Jina hilo lilianza kwa madini yaliyopatikana milima ya Ural mwaka 1839, lakini zinazotumika kwenye sola ni za kutengenezwa, mara nyingi zikiwa na risasi, yaani ile metali nzito, pamoja na iodini. Mwaka 2009 kikundi cha Tsutomu Miyasaka huko Japani kilitangaza seli ya namna hiyo yenye ufanisi wa asilimia 3.8. Sasa rekodi zake nazo zimepita asilimia 26. Silikoni ilihitaji miongo mingi kupanda kiasi hicho. Zikipangwa mbili pamoja, perovskaiti juu ikinyonya mwanga wa bluu na kijani na silikoni chini ikichukua mwekundu na wa infraredi, maabara zimepita hata kile kikomo cha asilimia 33 cha semikonda moja.

Perovskaiti inavumilia kasoro za ndani kuliko semikonda nyingi. Utando wa nusu mikromita tu unatosha kunyonya sehemu kubwa ya mwanga, na unaweza kutengenezwa kwa kumimina tone la kimiminika juu ya kioo kinachozunguka kwa kasi, kisha kukipasha joto la nyuzi 100 hivi kwa dakika chache. Kasoro yake iko kwingine: haidumu. Unyevu unaivunja, joto linaivunja, na hata mwanga ambao ndio riziki yake unachangia kuiharibu. Ioni zake, yaani atomu zenye chaji, hazikai mahali pamoja. Hutembea polepole ndani ya utando kila voltiji inapobadilika. Jambo hilo la ioni naomba ulikumbuke, nitalirudia.

Kuhusu risasi, sikubaliani na wanaolipuuza. Kiasi kilichomo kwa kila mita ya mraba ni kidogo, lakini chumvi zake huyeyuka katika maji, na paneli ikipasuka juu ya paa mvua itafika humo. Kubuni utando unaoikamata risasi hiyo isitoke ni utafiti wenye maana kubwa, na hauhitaji kuvunja rekodi yoyote ya ufanisi.

Betri: hasara ndogo inayojikusanya

Betri ya lithiamu ilijengwa na watu wengi. Stanley Whittingham alionyesha njia katika miaka ya 1970 kwa kuingiza lithiamu kati ya tabaka za disalfaidi ya titani. Kikundi cha John Goodenough huko Oxford kikaleta oksidi ya kobalti kwa ajili ya kathodi, upande chanya wa betri, mwaka 1980. Rachid Yazami, mwanasayansi wa Moroko, mwaka huo huo alionyesha huko Grenoble kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka ndani ya grafiti. Akira Yoshino akaunda betri salama yenye anodi ya kaboni mwaka 1985. Na Sony wakaiingiza sokoni mwaka 1991. Nobeli ya Kemia ya 2019 ilikwenda kwa Whittingham, Goodenough na Yoshino.

Kasoro ya betri haifanani na zile mbili. Haikai mahali pamoja ukaionyesha kwa kidole. Ni mmenyuko wa pembeni unaokula kidogo sana kila mzunguko. Mara ya kwanza unapoichaji, elektroliti, kimiminika kinachopitisha ioni, huvunjika kwenye uso wa anodi na kujenga ngozi nyembamba ya nanomita kadhaa hadi makumi. Ngozi hiyo inakula lithiamu, lakini bila ngozi hiyo betri isingeishi, kwa sababu ndiyo inayozuia elektroliti iliyobaki isivunjike. Shida huja inapopasuka na kujijenga upya, kila mara ikila tena.

Hesabu yake ni hii. Tuseme kila mzunguko betri inarudisha asilimia 99.9 ya lithiamu iliyopita. Inasikika vizuri sana. Baada ya mizunguko 1,000 imebaki na asilimia 37. Ongeza tisa moja tu, iwe asilimia 99.99, na baada ya mizunguko hiyo hiyo imebaki na asilimia 90. Mtafiti wa betri hutumia miaka akiifukuza hiyo tisa moja. Chumvi mpya, tone la kiongezi ndani ya elektroliti, utando wa nanomita mbili juu ya chembe za kathodi, vyote lengo lake ni hilo.

Huku kemia ndiyo inayotawala, pamoja na suala la malighafi. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mahangaiko ya wachimbaji wadogo yanajulikana. Kathodi ya fosfeti ya chuma na lithiamu, iliyotangazwa na kikundi cha Goodenough huko Texas mwaka 1997, haina kobalti wala nikeli. Inabeba nishati pungufu kwa kila kilo lakini inadumu na haishiki moto kirahisi. Betri za sodiamu zinakwenda mbele zaidi, kwani sodiamu imejaa kwenye chumvi ya kawaida. Ila ioni yake ni kubwa kuliko ya lithiamu na haiingii vizuri kwenye grafiti, hivyo anodi yake ni kaboni ngumu isiyopangika. Anayetaka uwanja ambao maswali ya msingi bado yako wazi, sodiamu inampa nafasi.

Muda wa jaribio moja

Kipengele hiki husahaulika sana wakati wa kuchagua, na ndicho kinachopanga maisha ya mtafiti.

Perovskaiti ni ya haraka kupita zote. Leo unatengeneza seli, kesho unapima makumi yake, na kila kipimo cha ufanisi kinaisha ndani ya dakika. Wazo baya linajulikana ndani ya wiki. Upande wa udumifu mambo hugeuka: jaribio la kawaida la paneli huiweka kwenye nyuzi joto 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000, karibu siku 42. Nayo miaka 25 ambayo paneli za silikoni hudhaminiwa ni saa 219,000. Hakuna atakayesubiri hivyo, na namna ya kubana miaka 25 iingie ndani ya miezi bila kujidanganya bado ni swali zito.

Betri ni ya polepole kwa asili yake. Ukiichaji kwa saa tatu na kuitumia kwa saa tatu, mzunguko mmoja ni saa sita, na mizunguko 1,000 ni siku 250. Ukikosea kutengeneza, utakuja kujua baada ya miezi. Nafuu ni kwamba mashine hufanya kazi usiku na mchana bila wewe, na mitambo mizuri huendesha seli mamia kwa pamoja. Mtafiti wa betri basi ni mpangaji: huweka majaribio ya mwaka mzima mapema na kusoma takwimu kwa makini.

Semikonda iko katikati, ila foleni ndiyo inayochosha. Mashine ya kukuza fuwele kwa miale ya molekuli hujenga takriban mikromita moja kwa saa, si mbaya. Lakini ikibidi kuifungua kwa matengenezo, ombwe lake hurudi baada ya kuipasha joto kwa siku nyingi ili kufukuza maji yaliyonata kwenye kuta. Juu ya hapo kuna hatua nyingi za kuchora, kuchonga na kupaka metali kabla transista moja (swichi ndogo ya umeme) haijapimwa.

Vifaa na usalama

Semikonda inadai chumba safi chenye hewa iliyochujwa, jambo ambalo ni vyuo vichache vinavyoweza kulihimili. Betri inadai sanduku la glavu lililojaa argoni, ambamo maji na oksijeni huwa chini ya sehemu moja katika milioni, pamoja na mashine ya kuchaji. Perovskaiti inaweza kuanza na vifaa vichache zaidi: kizungushi, tanuri dogo na taa inayoiga jua. Kwa taasisi isiyo na uwezo mkubwa, fani mbili za mwisho zinafikika. Kuna pia njia ya kompyuta. Hazina ya wazi ya Materials Project, iliyoanza 2011, ina takwimu za maada nyingi mno kwa yeyote mwenye intaneti. Ujue tu kwamba ukokotoaji wa kawaida hupunguza pengo la nishati. Pengo la silikoni, elektroni-volti 1.12, hutoka karibu 0.6.

Kwa usalama, kote kuna hatari: asidi ya haidrofloriki kwenye semikonda, chumvi za risasi na viyeyushi kwenye perovskaiti, elektroliti inayoshika moto kwenye betri.

Namba za kusoma kwa tahadhari

Kila fani ina namba yake inayovutia watu na kuwapoteza. Kwenye sola ni ufanisi wa seli isiyofika sentimita moja ya mraba, uliopimwa kwa kubadili voltiji kuelekea upande mmoja tu. Kwa kuwa ioni za perovskaiti hutembea, ukiibadili voltiji kuelekea upande wa pili unaweza kupata jibu tofauti; tafuta namba iliyopimwa seli ikiwa imetulia chini ya mwanga kwa dakika kadhaa.

Kwenye betri, angalia kama seli ilikuwa na karatasi ya lithiamu upande wa pili. Karatasi hiyo ni ghala lisiloisha: kila lithiamu inayoliwa na ngozi hufidiwa kimya kimya, na maada mbovu huonekana nzuri kwa mizunguko mamia. Seli kamili, ambayo lithiamu yote inatoka kwenye kathodi, haifichi kitu.

Kwenye semikonda, kasi ya elektroni inayotangazwa kwa transista za maada mpya mara nyingine hupanda kwa sababu ya makosa ya kukokotoa penye ukinzani wa viungo vya metali. Uliza kama walitenganisha viungo na maada yenyewe.

Basi uchague ipi?

Kama moyo wako uko kwenye fizikia na una chuo chenye chumba safi, nenda semikonda, hasa naitraidi ya galiamu na kabaidi ya silikoni, zinazotumika kubadili umeme kwa hasara ndogo kwenye magari na chaja. Kama unapenda kemia, una subira ya kungoja miezi, na unataka kazi yako iguse moja kwa moja namna umeme unavyohifadhiwa, betri ndiyo yako.

Anayesitasita nitamwelekeza kwenye perovskaiti, na sababu yangu si zile rekodi. Ni zile ioni nilizosema. Perovskaiti ni semikonda inayotenda kama seli ya sola, na papo hapo ioni zake zinatembea kama ndani ya betri. Atakayeielewa vizuri atakuwa amejifunza pengo la nishati, uhai wa elektroni na mwendo wa ioni katika sampuli moja, na miaka mitatu baadaye anaweza kuhamia upande wowote akiwa na msingi. Kutoka kwenye betri kwenda kwenye semikonda kuruka ni kugumu zaidi.

Kabla ya kukubali nafasi, muulize msimamizi maswali matatu. Mashine muhimu kuliko zote ina watumiaji wangapi, na ni nani huitengeneza ikiharibika? Mwanafunzi wa mwisho aliyehitimu alipima sampuli ngapi za aina moja kabla ya kutangaza matokeo? Na zile seli zilizokufa mapema huwa wanazifungua na kuzichunguza, au wanazitupa? Kikundi kinachozifungua ndicho cha kujiunga nacho, iwe ni fani yoyote kati ya hizi tatu.